Mizigo Miwili, Mstari Mmoja

Dolni Kamak, 4 Oktoba 1996

Bilyana, mjukuu wangu, mpima mizigo ya mbinguni,

Salamu ni nyingi na stempu ni moja, kwa hiyo zigawe mwenyewe: nusu zangu, nusu za bibi yako. Hatujambo. Hata mbuzi hajambo, ingawa juzi alitafuna kola ya shati langu la kanisani, na kwa kuwa kanisani siendi, nimemsamehe.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani. Kama nimekuelewa, Waitalia wanakulisha ili upime uzito wa kitu ambacho hakionekani, hujawahi kukigusa, wala hutakigusa. Mimi nimeendesha greda la theluji toka hapa mpaka kwenye darubini ya mlimani mpaka mgongo ukaota kutu. Nilipokuwa nikikupakia kiti cha pembeni, mtoto wa kimo cha gia, ukaone lile kuba linavyofunguka, sikujua nakupeleka kwenye ajira ya namna hii. Ningejua, ningekupeleka kwa fundi viatu.

Tsonka wa posta ameniuliza unasomea nini. Nikamwambia unapima uzito wa giza. Akasema, "Mzee Velko, uwe unakunywa na mkate." Na usipige simu hapo kwake. Simu imekufa tena, na hata ikifufuka, Tsonka husikiliza mpaka mwisho na wakati mwingine hukujibia.

Kabichi ya msimu wa baridi imeshaingia pipani. Chumvi mwaka huu nimetia mimi, usicheke. Soksi za sufi atakuletea Rangel, yule dereva wa lori la jibini. Bibi yako hajaandika mstari wake wa mwisho kwenye barua hii kwa sababu mikono ina unga.

Februari ukisimama mbele ya maprofesa wako, simama kama bibi yako Fidanka akidai mbuzi wake kwa jirani.

Babu yako,
Velko


Dolni Kamak, 6 Oktoba 1996

Delka shemeji, wembe wa Plovdiv,

Hii usiisome kwa sauti. Najua kwako kusoma kimya ni adhabu, lakini vumilia.

Dada yako hali chakula. Anameza maziwa kijiko, anasema ameshiba. Yule daktari wa huko kwenu alinivuta pembeni akaniambia ini limekwisha, na kwamba tusitegemee Krismasi. Alisema hayo akitazama viatu vyangu. Nikamwambia viatu viko salama, daktari, niambie habari za mke wangu. Hakucheka. Wasomi hawana utani.

Nilishika kalamu nimwandikie mtoto. Fidanka akaniita kutoka kitandani.

"Unamwandikia nini?"

"Hali ya hewa."

"Velko, tangu unioe hujawahi kunidanganya ukafaulu. Sasa ni wakati wa kujifunza."

Akaniapisha kwa mkate na chumvi: Bilyana asijue mpaka amemaliza kusimama mbele ya maprofesa wake. Wewe unajua kwa nini. Mama yenu alipoanguka, Fidanka alikuwa amebakiza mwaka mmoja awe mwalimu. Alirudi kumwosha, basi, akabaki. "Huyu akija hataondoka," ananiambia. "Ataniosha mimi, kisha atakuosha wewe, kisha atazeeka na mbuzi." Nikamwambia, binti yetu na mumewe waliondoka na basi lililotumbukia bondeni, mtoto hakumuaga hata mmoja, unataka akose na wewe? Atatuchukia. Akasema, "Atuchukie akiwa amesoma."

Nimeapa. Ungekuwepo ungeapa na wewe, kwa ukali wa yale macho.

Soksi za mtoto zimeishia njiani, mguu mmoja umekamilika na mwingine una shingo tu. Nakutumia sufi, umalizie wewe. Kisigino cha dada yako unakijua. Jitahidi kisifanane na kiazi.

Shemeji yako,
Velko


Padova, 21 Oktoba 1996

Babu, Bibi, shikamooni,

Rangel ameleta soksi hadi mlangoni. Alikula sahani mbili za tambi na kunisimulia kila ndoa iliyovunjika bondeni kwetu. Mdomo wake ni lango lisilo na komeo.

Babu, umenitania kuhusu kazi yangu, basi nakupa kazi na wewe. Chukua gilasi yako ya pombe ya rakia, ile ya kitako kinene. Iwe tupu, tafadhali. Washa mshumaa, utazame mwali wake kupitia hicho kitako. Utauona umepinda, umerefuka kama uzi, pengine umekuwa pete. Mshumaa haujabadilika. Mwanga wake ndio umepindishwa njiani. Sasa fanya kama gilasi huioni kabisa. Ungejuaje kwamba ipo? Kwa jinsi mwali ulivyopinda.

Gilasi yangu ni kundi la galaksi, mamia yake, zimeshikana kwa uvutano. Nyuma yake, mbali sana, kuna galaksi nyingine, na mwanga wake ukipita karibu na hilo kundi hupindishwa. Zinazoonekana karibu na katikati huvutwa mpaka zikawa pinde nyembamba. Za pembeni hupinda kidogo mno. Ukitazama moja peke yake huwezi kusema lolote, huenda umbo lake ndilo hilo. Inabidi nipime maelfu. Nikikuta zote zimelala kuzunguka mahali pamoja, kama watu waliopanga viti kuzunguka jiko, najua hapo kuna mzigo, na najua ni mzito kiasi gani. Na mzigo wenyewe karibu wote ni kitu kisichotoa mwanga. Nyota zote za mle ndani ni kama chumvi kwenye mkate.

Tatizo langu ni hili. Kundi langu linatoka zito kupita kiasi. Wenzetu wamelipima kwa njia nyingine, kwa kasi ya galaksi zake, wakapata nusu tu ya uzito wangu. Profesa Marangon ananiambia, "Signorina, mahali fulani umebonyeza kidole kwenye mizani." Nisipoeleza ile nusu ya ziada kabla ya Februari, narudi nyumbani bila kitu.

Bibi, mbona huandiki? Unga gani huo usionawika? Na kisigino cha soksi ya kushoto kinanibana, cha kulia hapana.

Mjukuu wenu,
Bilyana


Dolni Kamak, 8 Novemba 1996

Bilyana mwanangu,

Jaribio lako nimelifanya kama ulivyoagiza, isipokuwa pale pa gilasi kuwa tupu, ambapo palihitaji maandalizi. Niliijaza, nikaimaliza, ndipo ikawa tupu. Sayansi inataka utaratibu. Kweli mwali ulipinda. Ukawa kama mundu, kisha kama pete. Baada ya gilasi ya pili mwali ulipinda hata bila gilasi, sijui mnalo jina la jambo hilo huko Padova.

Bibi yako alitazama na yeye. Nilimshikia gilasi jichoni, maana mikono yake siku hizi ina uvivu. Akauona mwali umejikunja, akasema, "Kwa hiyo mtoto anaona kitu kwa kile kinachokifanyia wengine." Nikamwambia ndiyo. Akaondoa jicho kwenye gilasi, akasema, "Basi uwe mwangalifu unavyoandika, Velko." Sikuelewa, nami nakuandikia bila uangalifu kama kawaida.

Nusu ya ziada isikunyime usingizi. Mimi kila nikipanda mizani ya kiwanda cha jibini nilikuwa na nusu ya ziada, na ilikuwa Fidanka nyuma yangu ameweka mguu mmoja.

Anakuagiza mambo matatu. Kula nyama. Usiolewe na mtu anayesafisha viatu kuliko meno. Na ukishawashinda hao maprofesa, uende kwenye dirisha kubwa la chuo chenu, useme kwa sauti, "Fidanka Chausheva, Dolni Kamak." Ndivyo alivyosema. Usiniulize maana, mimi ni karani tu.

Theluji imefika kwenye misonobari ya juu. Huku chini bado.

Velko, karani


Plovdiv, 12 Desemba 1996

Velko,

Sikuiti shemeji leo.

Umemzika dada yangu kama paka. Nilishuka kwenye basi nikatazama nguzo ya kituo: patupu. Mlango wa kanisa, mtupu. Duka, lango lenu, patupu. Mtu akifa Bulgaria nzima, hata mlevi, hata mwizi, hubandikiwa karatasi ya msiba, picha yake katikati na fremu nyeusi, wapita njia wasome, wavue kofia. Binti yenu na mkwe wenu zao ziko langoni mpaka leo, Fidanka mwenyewe alizibadilisha kila mwaka, na yule mtoto alijifunzia herufi hapo. Kwa nini yeye asiwe nayo? Padri Sava aliniuliza kama mmegombana. Nikaona haya mimi.

Usiniambie ni kiapo. Aliapisha kuhusu mtoto, hakuapisha kuhusu nguzo.

Na jambo la pili. Pale makaburini ulipokohoa, ulikunja leso haraka. Sikuzaliwa jana. Nimeiona damu. Umeenda kwa daktari au unamngoja aje kukutafuta porini?

Delka


Dolni Kamak, 17 Desemba 1996

Shemeji, hata kama leo si shemeji,

Karatasi ninazo. Zimechapwa vizuri, picha ni ile ya harusi ya mpwa wenu, ambapo alicheka kwa sababu nilikuwa nimevaa koti kinyume. Zimelala chini ya godoro upande wake, na mimi nalala upande wangu, kama siku zote.

Fikiria. Rangel husimamisha lori kituoni pale pale kila anapopita, husoma kila karatasi kwenye ile nguzo kuliko anavyosoma alama za barabarani, kisha anaenda Padova kula tambi. Nikibandika leo, mtoto anajua kabla ya Mwaka Mpya. Jirani zetu wote nimewafunga midomo, wa mwisho Tsonka, na kumfunga Tsonka mdomo kumenigharimu asali yote. Rangel hafungiki. Alikuwa barabarani siku tuliyozika. Akipita tena nitamwambia Fidanka yuko kwako Plovdiv kwa matibabu. Kwa hiyo usishangae akikuletea jibini ya mgonjwa. Uile tu.

Umeniuliza kuhusu leso. Ni mapafu. Nilikwenda kwa daktari, tena kabla ya Fidanka kufa. Alitazama viatu vyangu.

Fidanka hakujua. Hilo ndilo pekee nililowahi kumficha, na nilifaulu, kwa hiyo unaona kweli nimejifunza.

Siku mtoto atakapomaliza, nitabandika karatasi mpaka kwenye mbuzi. Nimekosa nini zaidi ya kumpa mke wangu alichoomba? Usinijibu.

Velko


Padova, 14 Januari 1997

Babu,

Barua hii ni yako peke yako. Usimsomee Bibi.

Nimepanga barua zako zote za mwaka mzima mezani, kama ninavyopanga galaksi. Moja moja hazisemi kitu. Chumvi ya kabichi ulitia wewe: sawa. Kisigino kimoja kilifumwa na mkono mwingine: sawa, namjua Bibi Delka kwa kazi zake. Bibi haandiki mstari wake. Mikono ina unga, kisha ina uvivu, kisha tangu Novemba hutaji mikono kabisa. Rangel ananiambia Bibi yuko Plovdiv kwa matibabu, na barua yako ya wiki hiyo hiyo inasema anafuma kando ya jiko. Zamani ulikuwa unatania watu wote. Sasa unatania vitu tu, gilasi, mbuzi, mizani. Na mwandiko wako umeanza kuinama kulia, kama wa mtu anayeandika amejiegemeza.

Vyote vinazunguka mahali pamoja, Babu. Hapo kuna mzigo.

Nimekaa nao siku nyingi na sasa najua. Ni wewe. Unaumwa sana. Bibi haandiki kwa sababu anakuuguza, na akiandika atashindwa kunificha. Plovdiv alikwenda kukuchukulia dawa. Hakumaliza soksi ya pili kwa sababu mikono yake iko kwako mchana na usiku.

Niambie kama nimekosea. Niambie ukweli au napanda basi la kesho kutwa, mtihani au bila mtihani. Mama na Baba waliondoka nikiwa darasani nachora tufaha. Sitakaa tena darasani mtu wangu akiondoka. Hilo tu ndilo ninalokuomba maishani.

Bilyana


Dolni Kamak, 22 Januari 1997

Bilyana,

Umenikamata. Bendera nyeupe naiinua.

Ni mimi. Ni mapafu, yameharibika, daktari amesema nitaona majani ya masika na pengine cherries zikiiva mtini, zaidi ya hapo asiulizwe. Nakohoa kama greda la zamani asubuhi ya barafu. Nimepungua mpaka mkanda unanizunguka mara mbili. Kila neno hapa ni kweli, na unanijua, nikisema kweli huwa natetemeka, basi tazama mwandiko.

Yote mengine umeyapanga sawa. Vipimo vyako ni vizuri. Bibi yako haandiki, umeeleza kwa nini, na mimi sina la kuongeza kwenye maelezo yako.

Lakini sikia. Februari haiko mbali, na mimi siendi popote kabla yake, nimezungumza na anayehusika. Ukija sasa, utaacha kazi ya miaka yote hiyo mlangoni kwa watu ili uje kunishikia beseni, na beseni nalishika mwenyewe bila tatizo. Maliza. Kisha njoo. Bibi yako alishasema, tena kwa kiapo, ukitokea hapa kabla ya mtihani hafungui lango. Na lango hatafungua, mwanangu, hilo nakuhakikishia.

Babu yako,
Velko


Padova, 21 Februari 1997

Babu, Bibi,

Nimefaulu.

Profesa Marangon alikuwa sahihi na mimi nilikuwa sahihi. Uzito ulikuwepo wote, sikubonyeza kidole. Ila lile kundi si moja. Kuna la pili nyuma yake, mbali zaidi, kwenye mstari ule ule wa macho, hafifu mno hata galaksi zake nilizihesabu kama takataka za nyuma. Mwanga ulipindishwa na la kwanza na la pili, na mimi nikalitwika mzigo wote lile la mbele. Lenzi haikwambii mzigo uko umbali gani, inakwambia tu kuwa mstarini kuna mzigo. Tulipopima umbali wa galaksi moja moja ndipo yakajitenga, moja huku, jingine kule. Mzee mmoja kutoka Bologna alinipigia makofi akiwa amekaa.

Nilikwenda kwenye dirisha kubwa. Nilisema kwa sauti. Watu waligeuka.

Nashuka kituoni tarehe 8 Machi kwa basi la mchana. Wananipa nafasi ya kazi hapa, nimewaambia wangoje. Bibi, nisokotee uzi mwekundu na mweupe wa Machi, ule wa kuvaa kwa heri ya masika, Padova hakuna anayejua ni kitu gani.

Bilyana


Dolni Kamak, 16 Machi 1997

Shemeji,

Ulitaka kujua ilivyokuwa. Keti.

Barua ya mtoto ilipofika nilitimiza ahadi. Nilikoroga gundi ya unga, nikabandika lango, duka, mlango wa kanisa, na nguzo ya kituo. Padri Sava alivua kofia, akauliza amekufa lini, nikamwambia ulimzika mwenyewe, padri, kumbuka.

Nilitaka nimwambie mimi kabla hajasoma. Kwa hiyo siku ile nilikwenda kituoni mapema, nikasimama mgongo kwenye nguzo. Nilikuwa nimefunga uzi wa Machi kwenye kola, niliusokota mwenyewe, unafanana na utumbo wa kuku. Basi likaja. Akashuka, amekonda, skafu ya Kiitalia shingoni. Akanikumbatia akaniona nilivyobaki, akafumba macho.

"Bibi yuko wapi?"

"Karibu kwanza."

"Yuko nyumbani?"

"Safari ilikuwaje?"

"Babu, mbona umeigandamia hiyo nguzo?"

"Inanisaidia kusimama."

Zamani, shemeji, ningeificha nguzo na kituo chote. Sasa mimi si mnene. Aliona pembe ya fremu nyeusi huku bega la kushoto, na pembe nyingine huku bega la kulia. Alitazama moja, akatazama nyingine. Aliweka begi chini.

"Sogea."

"Bilyana."

"Babu, sogea."

Nikasogea. Alisoma kama alivyosoma langoni utotoni, kidole chini ya kila neno. Kikasimama kwenye tarehe.

"Desemba," akasema. "Januari uliniandikia anakuuguza."

"Wewe ndiye uliyeandika hivyo. Mimi sikuongeza."

Nilidhani nimejibu kijanja. Alinitazama, nikatamani lile basi lingekuwa limenikanyaga likirudi nyuma. Hakulia. Akasema, "Miwili. Mizigo ilikuwa miwili kwenye mstari mmoja, nami nimetoka kuwafundisha watu hilo hilo." Akachukua begi akatangulia. Sikuweza kumfikia, na hakungoja.

Sasa sikia lililobaki, ndilo lililonifanya nishike kalamu. Haniongeleshi ila kwa kazi: nyanyua mkono, meza, geuka. Amechemsha ngano ya marehemu akaigawa kijiji kizima. Ananiosha. Shemeji, ananiosha, tena vizuri. Na jana nimemsikia akimwambia Tsonka aandikie Waitalia kwamba harudi, ana mgonjwa. Umeona? Fidanka alikufa bila kumshika mkono ili asije akabaki. Mimi nikamkabidhi ugonjwa wangu kama kifuniko cha kaburi, na ugonjwa huo huo umemfunga hapa na mbuzi.

Njoo na gari la mpwa wako mnichukue. Nitafia kwako. Najua utaniudhi mpaka dakika ya mwisho, nahesabu hiyo kuwa matibabu. Mwambie wewe arudi Padova, mimi hanisikii.

Velko


Padova, 20 Aprili 1997

Babu,

Bibi Delka anasema unalalamikia supu yake, kwa hiyo unaendelea vizuri.

Sijakusamehe. Nakuandikia hivyo hivyo, maana kutokukuandikia ni kazi ngumu zaidi. Kila siku napima maumbo, na kila siku nafikiria Novemba, ulipomshikia gilasi jichoni. Ningeweza kuwa mimi niliyeishika.

Nimekubali kurudi huku kwa sharti moja, ulilolikubali mbele ya Bibi Delka, na nalirudia kwa maandishi. Safari hii utaniita. Hutangoja mtihani, hutangoja kazi, hutangoja aibu. Utaniita nikiwa bado naweza kukuta macho yako wazi. Sihitaji maelezo. Na usidhani utanificha: utani wako ndio unaokuchongea. Mradi unatania, najua bado unasimama mbele ya kitu ili nisikione. Siku utani utakapokwisha nitajua hakuna kilichobaki katikati, na nitakuwa njiani kabla sijamaliza kusoma.

Cherries za huku zimeanza kupata rangi. Za huko?

Bilyana


Plovdiv, 3 Juni 1997

Bilyana,

Njoo.

Babu yako,
Velko

Mwanangu, neno hilo ameandika mwenyewe, limemchukua asubuhi nzima. Nilimuuliza kama anataka niongeze utani wowote kwa niaba yake. Amesema hana. Wahi.

Delka